Shangazi, ukuta wangu umepigwa X nyekundu

Barua ya msomaji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza vitenge Kariakoo. Mume wangu ni dereva wa malori, muda mwingi yuko njia ya Tunduma. Tumepanga miaka mingi, tukihama kila mwenye nyumba alipokumbuka kupandisha kodi, mpaka mwaka juzi Mungu akatujalia tukanunua nyumba yetu pembezoni mwa Dar es Salaam. Mtaa siutaji, na ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini. Ni nyumba ya chini, haina ghorofa. Upande mkubwa tunakaa sisi, upande wa pili kuna vyumba viwili vyenye milango yake na mita zake za umeme, wamo wapangaji. Paa ni moja, mita ni tatu.

Nilipokuwa mpangaji niliamini mwenye nyumba ni mtu wa kukaa kibarazani na kusubiri kodi. Sasa ndiyo naona kila siku kuna mtu anagonga geti na daftari.

Kilichonifanya niandike ni ukuta. Nilitaka kuzungushia upande wa barabara na hapo hapo nitoe fremu tatu za biashara, moja ya kwangu, mbili nipangishe. Nikaanza kwa balozi wetu wa nyumba kumi, akaniandikia barua. Nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akasema hakuna shida, nitoe elfu hamsini ya ofisi. Nikatoa. Nikapewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari, imeandikwa kwa kalamu ya bluu "mtajwa hapo juu anaruhusiwa kufanya ujenzi", na chini mhuri. Nimeitunza kwenye bahasha moja na karatasi ya mauziano.

Fundi alikuwa ameshamwaga msingi na kupandisha kozi nne. Jumatano moja narudi kutoka sokoni, nakuta X kubwa ya rangi nyekundu ukutani, pembeni neno SIMAMISHA na tarehe. Fundi anasema walikuja watu wawili kwa bodaboda, wakapaka, wakaondoka, hawakuacha karatasi. Jioni yake kijana mmoja akanipigia simu, sijui namba yangu kaipata wapi. Akasema yeye ni wa ofisi ya ujenzi, nimtumie laki tatu kwenye simu yake, jambo litaisha kimya kimya na rangi naweza kuifuta mwenyewe.

Nilipompigia mwenyekiti, hakupokea. Mume wangu anasema nimpe huyo kijana hela, hapa mjini ndivyo mambo yanavyokwenda. Jirani mmoja naye kanitia hofu kabisa, anasema X ni ya barabara, kwamba nyumba nzima itakwenda kama zile za Kimara. Shangazi, silali. Na mifuko arobaini ya saruji iko stoo, nasikia ikikaa sana inaganda.

Halafu kuna LUKU. Mpangaji wa chumba cha mwisho alipohamia alinunua umeme wa elfu kumi, akakatwa elfu sita papo hapo. Akanijia juu kama mimi ndiye nimekula. Kwangu nako nakatwa kila mwezi, na mpangaji wa kati hivyo hivyo. Je, nyumba moja inalipa kodi ya jengo mara tatu?

Taka nazo. Kila mwezi kuna kijana anakuja kuchukua elfu tano, risiti hana, na gari la taka linaweza kukaa wiki tatu bila kuonekana. Na jirani wa nyuma, mvua ikianza tu anafungulia shimo lake la choo, maji yote yanashuka mbele ya mlango wa wapangaji wangu.

Nishauri, Shangazi. Nimpe huyo kijana laki tatu? Nani mkubwa kati ya hawa wote, na ni kwa nani naanzia?

Mama Wawili, Dar es Salaam

Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu, na hongera kwa nyumba.

Nianze na laki tatu, maana najua ndiyo inayokukosesha usingizi. Usitoe. Huyo kijana huenda ni wa ofisi kweli, huenda ni mpita njia aliyeiona X akauliza jina lako dukani. Kwa vyovyote hana uwezo wa kukupa unachokihitaji. Ukimtumia hela, kibali hutapata, risiti hutapata, na X ikipakwa upya mwezi ujao na mtu mwingine hutakuwa na pa kusema "mimi nilishalipa". Tena Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haimbani anayepokea peke yake, anayetoa naye yumo. Akipiga tena, muulize jina kamili, cheo, ofisi na namba ya kitambulisho, umwambie utamfuata hapo hapo ofisini kwake. Wengi hukata simu wakisikia hivyo. Asipokoma, TAKUKURU wana namba ya bure, 113.

Nilikaa kwenye kiti cha utendaji wa kata miaka ya kutosha kabla ya kustaafu na kuanza kuwaandikia humu, kwa hiyo niruhusu nikuoneshe nani ni nani. Humo ndimo ulimopotezewa njia.

Balozi wa nyumba kumi, au mjumbe wa shina kama anavyoitwa rasmi, ni kiongozi wa chama cha siasa. Tangu mfumo wa vyama vingi urejee mwaka 1992, ofisi yake si ngazi ya serikali. Ni mtu wa heshima, anawajua watu wake, akikuandikia barua haina ubaya. Ila si nyaraka ya serikali na usimlipe kwa hiyo. Mwenyekiti wa mtaa mnamchagua ninyi, mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024. Pembeni yake yupo mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri, analipwa mshahara na ana bosi wa kumwajibisha. Juu ya mtaa ipo kata, yenye diwani mliyemchagua na mtendaji wa kata aliyeajiriwa. Na juu ya hao ndiyo halmashauri, iwe ya jiji au ya manispaa. Kibali cha ujenzi kinatoka huko, kwenye halmashauri, hakitoki penginepo.

Mtaa kazi yao ni kukutambulisha: kwamba wewe ni mkazi wao, eneo ni lako, halina mgogoro unaojulikana. Ile karatasi yako ya daftari ingeishia kwenye utambulisho ingekuwa sahihi kabisa. Ilipofika "anaruhusiwa kufanya ujenzi" mwenyekiti alikuwa anatoa kitu asichokuwa nacho. Hata hivyo usiitupe wala usiende kumgombeza. Ni ushahidi kwamba hukujenga kwa kujificha, na ofisi inayokusikiliza inaweza kulitazama hilo. Elfu hamsini nayo, mwandikie mtendaji wa mtaa kwa upole ukiomba stakabadhi ya malipo hayo. Usidai kurudishiwa, dai stakabadhi tu. Utashangaa jinsi ombi hilo dogo linavyobadilisha mazungumzo.

Sasa hiyo X. Jirani yako amekutisha bila kujua, kwa sababu X za mjini hazina mwenyewe mmoja. Ya Kimara mwaka 2017 ilikuwa ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara. Barabara ya Morogoro upande ule ilikuwa na hifadhi ya mita 121.5 kila upande kutoka katikati, upana usio wa kawaida kabisa, na waliokuwa ndani ya kipimo hicho nyumba zao zilivunjwa kupisha upanuzi. Kwa barabara kuu nyingine kipimo cha kawaida tangu Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5, ndiyo maana TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, hupaka X za rangi mbili: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye halipwi, na kijani kwa yule aliyefuatwa na sheria mpya nyumbani kwake, huyo ana haki ya fidia.

Wewe umeandikiwa SIMAMISHA. Hilo kwa kawaida ni neno la mkaguzi wa majengo wa halmashauri, na kwa maelezo yako lipo kwenye ukuta mpya peke yake, kwenye nyumba halipo. Kwa hiyo ninavyoona mimi, kosa lako ni kujenga bila kibali, na hilo lina dawa. Lakini usichukue maoni yangu ukalala nayo. Barabara iliyo mbele yako ikiwa ni ya mtaa, uliza TARURA, wakala ulioundwa 2017 kusimamia barabara za mijini na vijijini. Ikiwa ni barabara kuu au ya mkoa, uliza TANROADS. Swali ni moja tu: hifadhi ya barabara hii ni mita ngapi, na ukuta wangu uko ndani au nje? Waombe waje kupima. Jibu lao ndilo litakalokuambia kama kuna ukuta wa kuzungumzia au hakuna.

Wakati huo huo, mwambie fundi ashuke. Hata tofali moja lisiongezwe, wala usifute rangi. Nimeona watu wengi waliokuwa na kesi nyepesi wakaifanya nzito kwa kujenga usiku na Jumapili. Piga picha ukuta ulivyo leo, na tarehe ionekane. Kisha nenda halmashauri, idara inayoshughulikia mipango miji na ujenzi, ukiwa na karatasi ya mauziano, utambulisho wa mtaa, kitambulisho chako na picha hizo. Waambie: nimekuta alama hii, naomba notisi ya maandishi inayosema nimekosa nini na natakiwa kurekebisha nini kwa muda gani. Notisi ni haki yako. Rangi ukutani haikuambii kifungu wala haikupi nafasi ya kujibu.

Hapo hapo ulizia kitu kingine ambacho wanunuzi wa nyumba huku pembezoni hawakiulizi: mtaa wetu una mchoro wa mipango miji uliopitishwa? Maeneo mengi yalijengwa kwanza, yakapangwa baadaye kwa urasimishaji, yaani kupimwa na kutambuliwa rasmi, na kwenye mchoro unaweza kukuta njia ya mita sita inapita pale ulipomwaga msingi wako. Ukiona mchoro kwa macho yako utajua ukuta urudi nyuma kiasi gani. Kurudisha kozi nne nyuma kunauma, najua, ila si sawa na kurudisha ukuta uliokamilika wenye fremu na wapangaji ndani.

Maombi ya kibali siku hizi yanapitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI wa TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Kama kompyuta huna, maafisa wa halmashauri watakusaidia, au kijana wa kwenye stationery, mradi akaunti iwe kwa jina lako na neno la siri ubaki nalo mwenyewe. Utahitaji ramani ya ujenzi iliyochorwa na mtaalamu aliyesajiliwa, na uthibitisho wa umiliki. Hapa karatasi ya mauziano peke yake inaweza kukuangusha, nitairudia. Kuna uwezekano wa kutozwa faini kwa kuanza kabla ya kibali, jiandae nayo kisaikolojia.

Na malipo yoyote, iwe ada au faini, lazima yawe na namba ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu 12 ambayo mara nyingi huanza na 99. Ukiiingiza kwenye simu, kabla hujaweka namba ya siri inakuonesha jina la taasisi inayolipwa. Lisipokuwa jina la halmashauri, acha. Namba ya simu ya mtu haiwezi kuwa mfuko wa serikali, hata mtu huyo akiwa amevaa kitambulisho shingoni.

Fremu ni habari nyingine tena. Kibali cha ukuta wa makazi hakikupi ruhusa ya maduka. Ukitoka kwenye makazi kwenda makazi na biashara unabadilisha matumizi ya ardhi, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka uombe mabadiliko hayo kabla ya kujenga. Ningekuwa mimi, ningeanza na ukuta, niache nafasi ya fremu, niombe mabadiliko, kisha nijenge fremu nikiwa na karatasi mkononi. Mpangaji wa fremu naye atahitaji leseni ya biashara, na eneo lisilo na ruhusa litamkwamisha, atakuja kukudai kodi ya miezi sita aliyotanguliza.

Saruji isikutoe roho. Iinue juu ya mbao isiguse sakafu wala ukuta, funika, na mifuko iliyotangulia kununuliwa itumike kwanza. Ukiwa pale halmashauri waulize kama lipu ya ndani ya vyumba inakugusa kwenye zuio lako. Ikiwa haikugusi, fundi wako ana kazi na saruji ina matumizi. Inayobaki uza kwa anayejenga, hata kwa hasara ya elfu moja moja.

Tuje kwenye LUKU. Hili ni tamu kidogo kwa sababu una haki upande wako. Kodi ya jengo ilihamishiwa kwenye ununuzi wa umeme mwaka 2021, ikianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba za ghorofa mijini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila ghorofa. Kinacholipiwa ni jengo, mita ni njia ya kukusanyia tu. Mita zako tatu zinakatwa 54,000 kwa mwaka kwa nyumba inayodaiwa 18,000. Elfu thelathini na sita zinakwenda bure kila mwaka, na nyingi zinatoka mfukoni mwa wapangaji.

Yule wa chumba cha mwisho hakuonewa na mfumo kwa namna ya ajabu. Bila shaka chumba kilikaa tupu miezi minne bila mtu kununua umeme, deni likajilimbikiza, 1,500 mara nne ni 6,000. Wa kwanza kununua ndiye aliyelipishwa. Mrudishie hela yake, au ukate kwenye kodi ya mwezi ujao na muandikiane. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, yaani wewe, na mpangaji akikatwa ana haki ya kukudai. Na chumba kikikaa tupu tena, nunua umeme wa elfu mbili kila mwezi ili mgeni asikute deni.

Kurekebisha, andika barua moja fupi: nyumba yangu ni moja, haina ghorofa, ina mita tatu zenye namba hizi, naomba kodi ya jengo ikatwe kwenye mita hii tu. Ambatisha picha ya nyumba na barua ya mtendaji wa mtaa inayothibitisha kuwa ni jengo moja. Chapisha nakala tatu. Moja halmashauri upande wa mapato, moja ofisi ya TANESCO ya eneo lako, na ya tatu igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Utazungushwa kidogo kati ya madawati, wala usikasirike, kila dawati unaonesha nakala yenye mhuri wa dawati lililotangulia. Hifadhi pia ujumbe wa LUKU wa mita zote tatu, usiufute kwenye simu, maana ndio unaoonesha makato.

Na kwa wasomaji wengine wenye wazazi: mzee aliyefikisha miaka 60 anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe anasamehewa kodi ya jengo kwa nyumba hiyo moja. Haisameheki yenyewe. Lazima aombe, au ninyi watoto mumwombee. Nimekutana na bibi wa miaka 80 anayekatwa kila mwezi na watoto wake wote wana simu janja.

Taka nitasema kwa ufupi. Mkandarasi wa taka ana mkataba na halmashauri na kiwango cha ada kimewekwa kwenye sheria ndogo, ambayo haiwi sheria mpaka waziri wa TAMISEMI aikubali na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Omba kuiona kwa mtendaji wa kata. Ada utalipa, kwa mashine inayotoa risiti au kwa namba ya malipo, kijana wa daftari mwambie arudi na mashine. Wiki tatu bila gari ni suala la kupeleka mkutano wa mtaa. Nenda na tarehe mlizoandika, ninyi majirani watano sita, kwa sababu malalamiko ya mama mmoja huishia kwenye chai. Usichome taka za plastiki uani na usizitupe mtaroni, huko utakuwa umempa mkaguzi sababu ya kukupiga faini wewe.

Jirani anayetapisha choo, muanze kwa mtu mzima mnayeheshimiana naye wote, akamwambie aite gari la kunyonya majitaka kabla ya masika. Wengine hawana hela ya gari, na ukijua hilo mnaweza hata kuchangia. Akikaidi, mpige video mvua ikinyesha na umpelekee afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa meno. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia jijini humu humu, maafisa afya hawajakisahau, jambo hili hulishughulikia upesi kuliko unavyodhani.

Nilisema nitarudi kwenye karatasi ya mauziano. Hiyo inathibitisha kwamba ulinunua, haikufanyi mmiliki aliyesajiliwa. Kama mtaa wenu una urasimishaji, ulizia namba ya kiwanja chako na umefikia hatua gani, na kama mlichangishwa fedha na kampuni ya upimaji tafuteni stakabadhi zake sasa hivi kabla watu hawajahama ofisi. Kama bado, ulizia leseni ya makazi. Ni ya muda na inahuishwa, lakini inatambulika, na ni hatua ya kuelekea kwenye hati. Ukipata hati utaanza kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, hiyo ni tofauti na ya kwenye LUKU, usije ukadhani umeshailipa. Na kabla ya wapimaji kuja, tembea mpaka wako na majirani wa pande zote, mkubaliane, muandikishane. Mgogoro wa mpaka huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kupatanisha tu. Pasipopatikana suluhu mnapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko mtahesabu miaka.

Jambo la mwisho hukuniuliza, na mimi sitanyamaza. Umesema "tukanunua". Hela ya vitenge imo humo, bila shaka. Fungua ile bahasha usome karatasi ya mauziano: mnunuzi ni nani? Kama limeandikwa jina la mumeo peke yake, sisemi ana nia mbaya, wengi huandika hivyo kwa sababu mwenyekiti aliuliza "baba yuko wapi". Sheria ya Ndoa ya 1971 inakulinda kiasi, nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa yako. Lakini ulinzi huo unaudai mahakamani, na jina kwenye hati huna haja ya kulidai popote. Fomu za urasimishaji au za leseni zikija, mjaze wote wawili mkiwa mmekaa meza moja. Barabara ya Tunduma ni ndefu, msubiri arudi, msimalize hilo kwa simu.